Nauli, Fotokopi na Siku Sitini

Tarehe 7 Septemba 2016, mamlaka ya mazingira ya Kenya, Nema, iliipa kampuni ya Amu Power leseni ya kujenga kituo cha umeme wa makaa ya mawe Kwasasi, upande wa bara wa kaunti ya Lamu, kama kilomita 20 kutoka mji wa kale. Megawati 1,050. Gharama iliyotajwa ilikuwa dola bilioni 2 za Marekani. Siku hiyo hiyo saa nyingine ilianza kuhesabu kimyakimya: sheria ya mazingira inampa asiyeridhika na leseni siku 60 za kukata rufaa.

Siku 60 za kuitafuta ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira, kurasa juu ya kurasa za Kiingereza cha wahandisi. Za kumpata mtu wa kuisoma na kuwaeleza wengine imesema nini kuhusu majivu, moshi na maji ya moto yatakayomwagwa baharini. Za kumpata mtaalamu wa hewa, mtaalamu wa samaki, mtu anayeelewa hesabu za umeme, na wakili atakayefanya kazi bila kuuliza malipo kwanza. Na yote hayo kutoka kisiwani, ambako safari ya kwenda popote penye ofisi kubwa huanza kwa boti hadi Mokowe, kisha basi kupitia Witu na Garsen, kwenye barabara ambayo miaka ile magari yalisindikizwa na askari.

Rufaa iliingia kwa wakati. Ilifunguliwa na Save Lamu, muungano wa makundi ya wenyeji, pamoja na wakata rufaa wengine watano, ikapewa namba 196 ya 2016. Tarehe 26 Juni 2019 Jopo la Kitaifa la Mazingira likaifuta leseni. Kampuni nayo ikakata rufaa, na Oktoba 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Malindi ikaitupa. Miezi miwili ya kuupita mlango, miaka tisa ya kukaa ndani.

Naanza na hesabu hii kwa sababu mazungumzo yetu kuhusu watetezi wa haki wa mashinani huishia kwenye ujasiri. Tunawasifu, tunawapiga picha wakiwa na mabango, tunawapa vyeti. Ujasiri wanao, na hawakuuomba kwa mtu. Wanachokosa ni vitu ambavyo havipigiki picha: nauli, fotokopi, vipimo vya maabara, mtu wa kukaa na faili miaka tisa bila kulipoteza. Na msaada unaotolewa kwao, nionavyo mimi, una kasoro moja kubwa inayozizaa nyingine zote. Hauendi kwa mwendo wa kesi. Unachelewa pale sheria inapodai haraka, na unaondoka pale sheria inapodai subira.

Tuangalie Lamu ilishindaje. Jopo lilisema ushirikishwaji wa umma haukutimia. Mikutano iliyohesabiwa kuwa ushirikishwaji ilikuwa ya kuutambulisha mradi, kabla utafiti haujakamilika; ripoti ilipokuwa tayari, watu ambao ingewagusa hawakupewa nafasi ya kweli ya kuyajua matokeo na kuyapinga au kuyakubali. Jopo liliona pia kuwa Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi, iliyopitishwa mwaka huo huo wa 2016, haikuzingatiwa, kana kwamba kituo cha makaa ya mawe na tabianchi ni mambo yasiyojuana.

Hoja ya namna hiyo haithibitishwi kwa maandamano, japokuwa maandamano yalikuwepo na yalifanya kazi yake. Inathibitishwa kwa tarehe. Mkutano ulifanyika lini, na ripoti ilikamilika lini? Nani aliitisha, nani alihudhuria, aliambiwa nini, kwa lugha gani? Aliuliza swali gani na alijibiwa vipi? Yeyote aliyewahi kukaa kwenye baraza la mradi mkubwa anajua jinsi mambo yanavyokwenda. Turubai, viti vya plastiki, maji ya chupa mbele kwa wageni. Karatasi ya mahudhurio inapita mkono kwa mkono, na kila mtu anatia sahihi kwa sababu bila sahihi hakuna nauli ya kurudi. Miezi baadaye karatasi ile ile inaonekana kwenye kiambatisho cha ripoti, na majina yale yamegeuka kuwa watu walioukubali mradi. Mtetezi mwenye akili anaipiga picha karatasi hiyo kwa simu kabla haijaondoka, na anaandika kwenye daftari lake mkutano ulianza saa ngapi na mwenye mradi alisema nini. Hilo daftari halina mfadhili. Sijawahi kuona tangazo la ruzuku lenye kifungu cha madaftari.

Nisije nikaonekana nadhani wenyeji wote walikuwa na neno moja. Walikuwepo vijana wa Lamu waliotaka ajira, na ungewalaumu kwa lipi? Walikuwepo wakulima wa Kwasasi ambao mashamba yao yaliwekwa alama, wakakaa miaka wakisubiri fidia ya ardhi wasiyoweza kuipanda wala kuiuza. Kwao kufutwa kwa leseni hakukuwa sherehe. Mtetezi wa mashinani anaishi na watu hao, anaswali nao, anawakopa. Kazi yake ngumu kuliko zote ni kubishana na jirani bila kumfanya adui, na hakuna mwanasheria wa Nairobi awezaye kumfanyia. Save Lamu walijaribu kulitatua hilo mapema kwa kukaa na Waswahili, Wabajuni, Waaweer na Wasanye kuandika kwa pamoja mila na desturi zao za kutumia bahari, msitu na ardhi, na namna wanavyotaka kuulizwa kabla ya mradi wowote. Kazi ya vikao na chai, ya polepole, na ilipofika wakati wa kesi walikuwa tayari wanajuana.

Waaweer wanastahili neno lao. Ni watu wa msitu wa Boni, wachache, na operesheni ya usalama iliyoanza mwaka 2015 iliwafungia msitu waliokuwa wakiutegemea kwa asali na dawa. Ukiitisha mkutano wa tabianchi mjini Lamu ukauweka hotelini, Mwaaweer hatakuwepo. Ukiuweka baada ya magharibi, wanawake wengi hawatakuwepo. Ukiuweka ghorofani, mwenye kiti cha magurudumu hatakuwepo, na kama hukumleta mkalimani wa lugha ya alama, kiziwi atakuwepo kwenye karatasi ya mahudhurio tu. Katiba ya Kenya inaitambua lugha ya alama na inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Hata hivyo ripoti za athari kwa mazingira zinaendelea kutoka kwa Kiingereza, na muhtasari wa Kiswahili ukipatikana huwa kurasa chache zilizotafsiriwa na mtu ambaye hakulipwa vizuri. Wanaosema ujumuishi ni suala la hisia wajue kwamba Lamu suala hilo ndilo lililoifuta leseni.

*

Kesi ya pili iko Mombasa, na inaonyesha upande wa pili wa saa.

Owino Uhuru ni kitongoji cha watu kama 3,000 katika eneo la Mikindani. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu za magari kilianza kazi kando yake, ukuta kwa nyumba, kikitoa madini ya risasi ya kuuzwa nje. Moshi ulitua kwenye mabati, mvua ikaosha mabati, na watu walikinga maji ya mvua. Mwaka 2009 kiwanda kilimwajiri Phyllis Omido, na sehemu ya kazi yake ilikuwa uhusiano na jamii. Mtoto wake mdogo aliugua, akatibiwa malaria, akatibiwa homa ya matumbo, hali haikubadilika, mpaka mtu mmoja alipopata wazo la kupima risasi kwenye damu. Ilikuwemo. Sumu ilimfikia mtoto kupitia maziwa ya mama yake.

Omido aliacha kazi akaanza kugonga milango. Hapa ndipo ninapotaka tusimame kidogo, kwa maana hadithi yake imesimuliwa mara nyingi kama hadithi ya mama shujaa na jambo moja likapitwa haraka. Alichofanya mapema kabisa ni kupeleka watoto wengine watatu wa kitongoji wapimwe. Watatu hao wote walikuwa na risasi mwilini. Kabla ya hapo alikuwa na mtoto mgonjwa na moshi unaonuka. Baada ya hapo alikuwa na ushahidi. Vipimo vitatu vya damu. Ofisi ya serikali inaweza kubishana na kilio cha mama mwaka mzima, lakini karatasi ya maabara inalazimika kuijibu, hata kama ni kwa kuificha kwenye droo.

Utafiti uliofanywa mwaka 2015, kiwanda kikiwa kimeshafungwa, ulilinganisha damu ya watoto wadogo wa Owino Uhuru na ya wenzao wa kitongoji kingine cha Mombasa kiitwacho Bangladesh. Wastani wa Owino Uhuru ulikuwa maikrogramu 7.4 kwa kila desilita ya damu. Wa Bangladesh 3.7. Maradufu. Na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Inapunguza akili ya kujifunza, inaharibu figo, na madhara yake kwenye ubongo hayarudi nyuma.

Mwaka 2012 Omido alikamatwa kwa maandamano, akashtakiwa kwa uchochezi, na baadaye mahakama ikamwachia. Mwaka huo huo watu wenye silaha walimvizia karibu na nyumbani akiwa na mwanawe. Kiwanda kilifungwa Januari 2014. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira huko Marekani, na 2023 Tuzo ya Right Livelihood ya Sweden. Mwaka 2016 shirika lake, Kituo cha Haki, Utawala na Mazingira, pamoja na wakazi, wakafungua kesi. Tarehe 16 Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 na udongo usafishwe. Nema ikakata rufaa. Mahakama ya Rufaa mwaka 2023 ikaiondoa fidia ile. Wakazi wakapanda hadi Mahakama ya Juu, ambayo tarehe 6 Desemba 2024 iliirudisha.

Mtoto aliyezaliwa siku kiwanda kinawashwa alikuwa na miaka 17 hukumu hiyo ilipotoka. Na hukumu ya kulipwa haijawa malipo: mwaka 2025 wakazi walikuwa bado wanadai.

Sasa chukua ratiba ya mfadhili wa kawaida uiweke pembeni ya miaka hiyo. Ruzuku ni ya miezi 12, ikizidi sana 36. Ina ripoti kila robo mwaka, na ripoti ina jedwali la matokeo. Utaandika nini kwenye safu ya matokeo robo ambayo kesi ilitajwa mara moja na kuahirishwa kwa sababu hakimu alikuwa likizo? Utaandika warsha. Ndiyo maana tuna warsha nyingi. Mtetezi anayejua kwamba kesi yake itachukua miaka tisa analazimika kuikatakata vipande vya mwaka mmoja mmoja, kila kipande kikijifanya kina mwanzo na mwisho, na katikati ya vipande kuna miezi ambayo hakuna anayemlipa mwenye kulitunza faili. Mashahidi wazee wanafariki katika miezi hiyo. Wengine wanahama, namba za simu zinabadilika.

Mwanzoni nako mambo ni yale yale kinyumenyume. Kuomba fedha kunahitaji cheti cha usajili, akaunti ya benki, hesabu zilizokaguliwa, sera ya fedha, sera ya ulinzi wa watoto, andiko la mradi kwa Kiingereza. Majibu hutoka baada ya miezi minne, sita. Siku 60 zimekwisha zamani.

Anayedhani natia chumvi kuhusu saa atazame Arusha. Novemba 2020 mashirika manne ya Uganda, Kenya na Tanzania yalifungua kesi katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki kulipinga bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga. Mkataba wa Jumuiya unatoa miezi miwili tu ya kufungua shauri. Tarehe 29 Novemba 2023 mahakama ikasema kesi imechelewa: makubaliano ya serikali yalikuwepo tangu 2017, na walalamikaji walipaswa kufika wakati ule. Miaka mitatu ya kusubiri, na hoja zenyewe kuhusu mazingira na watu wa njia ya bomba hazikufikiwa. Hayo yalikuwa mashirika yenye mawakili. Sasa fikiria kikundi cha akina mama wafuga nyuki.

*

Fedha za tabianchi zipo, na ni nyingi kwenye hotuba. Taasisi ya IIED ya London ilipofuatilia mifuko ya kimataifa ya tabianchi kati ya 2003 na 2016, ilikuta chini ya asilimia 10 ndiyo iliyoelekezwa ngazi ya chini kwa wananchi. Kenya imejitahidi kuliko wengi. Makueni ilitunga kanuni zake za mfuko wa tabianchi mwaka 2015 na kutenga asilimia 1 ya bajeti ya maendeleo. Leo mpango wa kitaifa unaoitwa FLLoCA, unaosaidiwa na Benki ya Dunia na nchi wahisani, umeunda kamati za wadi zinazokaa kuamua zenyewe kama zinataka bwawa la mchanga au kisima, na wanawake, vijana na watu wenye ulemavu wana viti vyao humo. Ni jambo la kusifiwa.

Ila fedha hizo humpenda anayepanda mti. Anayeuzuia mti usikatwe hana fungu. Hakuna kamati ya wadi itakayopitisha bajeti ya kumpeleka mwananchi mahakamani dhidi ya Nema, na hata ingetaka, mkaguzi angeuliza. Mkoko uliopandwa unahesabika na kuwekwa kwenye ripoti: miche mingapi, hekta ngapi. Tani za moshi ambazo hazikutoka Kwasasi haziko kwenye ripoti ya mtu yeyote. Benki ya Maendeleo ya Afrika ilisema mwaka 2019 kuwa haitaugharamia mradi ule, na mwaka uliofuata benki kubwa ya China, ICBC, ikajitoa. Siamini kuwa benki zingeondoka kwa urahisi ule kama leseni ingekuwa mkononi mwa kampuni. Kwa maneno mengine, kundi la wavuvi, walimu na mafundi wa Lamu huenda limefanya kazi kubwa ya tabianchi kuliko miradi mingi yenye nembo, na halina hata salio la kaboni la kuuza.

Nazisikia hoja za upande wa pili, na zina ukweli. Mashirika ya mkobani yapo, yenye mwenyekiti, mke wa mwenyekiti na shemeji wa mwenyekiti. Wapo wanaharakati waliogeuza shida ya kijiji kuwa gari. Mfadhili anayedai risiti hana kosa. Kosa ni kudai risiti kwa mwenye boti. Mwenye boti ya Mokowe hana kitabu cha risiti, wala mwenye bodaboda, wala mama aliyewapikia mashahidi 20 pilau. Ujumbe wa M-Pesa unaonyesha jina, saa na kiasi, na ni vigumu kuughushi kuliko risiti ya duka la vifaa vya ofisi. Wafadhili wachache waliolikubali hilo wameona kwamba fedha ndogo inayotoka ndani ya wiki moja inafanya kazi ambayo ruzuku kubwa ya mwakani haiwezi.

Usalama nao una kasi yake. Ripoti ya Human Rights Watch pamoja na muungano wa kitaifa wa watetezi wa haki Kenya, iliyotoka Desemba 2018, ilikuta watetezi wa mazingira wasiopungua 35 wa Lamu waliotishwa, kupigwa, kukamatwa au kuzuiliwa kwa sababu ya kuhoji kituo cha makaa ya mawe na bandari mpya. Ilikuwa miaka ya mashambulizi. Mpeketoni ilishambuliwa Juni 2014, ikafuata amri ya kutotoka usiku, na wavuvi wakazuiwa bahari usiku ambao ndio wakati wao wa kazi. Katika hali ile, kumwita mtu gaidi kulitosha kumnyamazisha. Mtetezi akichukuliwa Ijumaa saa kumi jioni anahitaji mtu wa kufika kituoni kabla ya magharibi, kudai jina lake liandikwe kwenye OB, kitabu cha matukio cha polisi, na kubaki pale. Hahitaji tamko la Jumatatu. Nairobi upo muungano wa watetezi, Dar es Salaam upo wa THRDC tangu 2012, Kampala ipo DefendDefenders ya kanda nzima. Wana fedha za dharura, nyumba za kuhifadhi watu, mawakili wa dhamana. Wanaokoa watu. Lakini kutoka Nairobi hadi Faza, visiwani Lamu, ni mbali, na tofauti kati ya kuachiwa jioni ile na kulala ndani siku tatu mara nyingi huwa ni wakili kijana wa mji wa karibu, au msaidizi wa kisheria asiye na digrii anayejua vifungu vyake na anayejulikana na OCS, mkuu wa kituo cha polisi.

Hao wasaidizi wa kisheria ningewawekea fedha kabla ya yeyote. Katiba ya 2010 imewafungulia njia pana. Kifungu cha 42 kinatoa haki ya mazingira safi na yenye afya; kifungu cha 70 kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kuitetea bila kulazimika kuthibitisha kuwa yeye mwenyewe ameumia. Na kanuni za mahakama za mwaka 2013 zinakubali ombi la haki za kikatiba hata likiandikwa kwa barua ya kawaida. Kwenye karatasi, mvuvi wa Kizingitini anaweza kuandika ukurasa mmoja na faili likafunguliwa. Anachohitaji ni mtu wa kumwambia hivyo wiki ya kwanza, asisubiri wiki ya kumi na moja.

Wavuvi wenyewe wana kisa chao. Mwaka 2012 Mohamed Ali Baadi na wenzake walifungua kesi juu ya bandari mpya ya Lamu, sehemu ya mradi wa uchukuzi wa LAPSSET: uchimbaji wa njia za meli, mikoko, sehemu za kuvulia zilizofukiwa. Aprili 2018 Mahakama Kuu ikasema haki zao, hata za kitamaduni, zimevunjwa, na wavuvi kama 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Serikali ikakata rufaa, kisha yakaja mazungumzo, wakakubaliana asilimia 65 iwe taslimu na 35 iwe vifaa. Gati la kwanza likazinduliwa Mei 2021, meli zikatia nanga, wavuvi wengi wakiwa bado wanasubiri. Na sehemu hii ya kusubiri ndiyo isiyo na msaada kabisa. Wafadhili huhesabu hukumu kuwa ushindi na kufunga mradi. Lakini baada ya hukumu ndipo zinapokuja orodha za walipwa, majina yaliyoandikwa vibaya, wajane wanaokosa vyeti vya kifo, kamati zinazogombana, watu wasiojulikana wanaojiandikisha uvuvi. Vikao vya aina hiyo vinakula miaka na vinavunja urafiki, na hakuna tuzo inayotolewa kwa kuhakiki orodha.

Kilifi wameyatazama yote haya kwa karibu. Serikali ilipoitaja Uyombo kuwa mahali pa kinu cha umeme wa nyuklia, wakazi hawakungoja leseni; walianza na maombi bungeni, wakaitisha vikao vyao wenyewe, na mwaka 2024 wakaandamana hadi wakapambana na polisi. Kituo cha Omido kilikuwa nao. Mwaka 2025 mazungumzo ya serikali yakageukia Siaya, kando ya Ziwa Victoria, ambako viongozi wengi wameupokea mradi kwa mikono miwili, na wanaweza kuwa na sababu nzuri. Wavuvi wa huko nao watataka kujua maji ya kupoozea yatatoka wapi, yatarudi ziwani yakiwa na joto kiasi gani, na samaki watakwenda wapi. Maswali hayo yanaulizika leo, kwa Dholuo, kabla ripoti yoyote haijachapishwa, na kwa gharama ya nauli ya watu wawili watatu kutoka Uyombo kwenda kueleza walichokiona.